Klabu ya Joging Kuandaa Marathoni ya Mtaa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukitoka alfajiri ya Jumapili Temeke, Morogoro au Tanga mjini utakutana nao: kundi lenye fulana za rangi moja, wa mbele ana filimbi, wa nyuma wanaitikia wimbo, na bodaboda mmoja anawafuata na katoni za maji. Klabu ya namna hiyo ikishadumu miaka miwili mitatu, lazima kwenye kikao mtu ataomba nafasi aseme: na sisi tuandae marathoni yetu. Baada ya hapo maswali huwa ni yale yale.

Majibu haya ni kwa klabu ya kawaida ya Tanzania, isiyo na mdhamini wa kutegemea. Walioko Kenya na kwingineko wabadilishe majina ya ofisi, mengine hayatofautiani sana. Na yote yamesimama juu ya jambo moja: mbio za mtaa hupangwa kwa kumfikiria atakayemaliza wa mwisho. Wa kwanza atafika tu, hata mkiharibu nusu ya mipango.

Ni lazima iwe kilomita 42?

Mkiandika marathoni kwenye bango, ndiyo: kilomita 42 na mita 195. Urefu huo ulikimbiwa kwa mara ya kwanza kwenye Olimpiki ya London mwaka 1908, kuanzia kasri la Windsor, ukapitishwa kuwa rasmi mwaka 1921. Mtu aliyefanya mazoezi miezi minne kwa ajili ya 42, akifika akakuta mbio ndefu kuliko zote ni za kilomita 10, ana haki ya kudai nauli yake. Kilomita 10 zina heshima yake, zitangazeni kama kilomita 10.

Ushauri wangu, ambao wenyeviti wengi hawaupendi: mwaka wa kwanza fanyeni 21, 10 na 5. Kilomita 21 zitawafundisha karibu kila kitu, kuanzia vibali hadi vikombe, bila kuwaweka barabarani mpaka adhuhuri. Ya 42 iongezeni mwaka wa pili, mkishajua ni nani kwenye kamati anafanya kazi na ni nani anapiga picha.

Klabu ndogo inaweza kweli?

Marathoni ya Boston ilianzishwa na klabu ya michezo ya mji huo mwaka 1897, na siku hiyo walijipanga kwenye mstari watu 15. Mwaka 1970 klabu ya New York Road Runners ilifanya marathoni ya kwanza ya jiji lao ndani ya bustani ya Central Park. Kiingilio kilikuwa dola 1, walianza watu 127, wakamaliza 55. Walizunguka humo humo bustanini mwaka baada ya mwaka, na mbio zilipelekwa kwenye sehemu zote tano za jiji mwaka 1976 tu.

Kwa hiyo udogo si tatizo. Klabu huangushwa na tamaa ya kufanana na mbio kubwa zinazodhaminiwa na benki mwaka wa kwanza: jukwaa, msanii, fulana elfu mbili, halafu maji yanaisha kilomita ya 15.

Njia ipite wapi?

Kama mnafanya 42, tafuteni mzunguko wa kilomita kumi na nusu na kitu, ukimbiwe mara nne (42.195 ukigawa kwa nne unapata kilomita 10.549). Wengi huona mzunguko ni ushamba, wanataka njia itoke mji huu ifike mji ule. Lakini fanyeni hesabu. Meza nne za maji kwenye mzunguko zinampa kila mkimbiaji nafasi 16 za kunywa. Njia iliyonyooka ingehitaji meza 16, kila moja na watu wake, maji yake na usafiri wake. Askari mmoja wa makutano anafanya kazi ya wanne. Gari la wagonjwa haliwi mbali na mtu yeyote. Na wakazi wanaosimama mlangoni wanawaona wakimbiaji mara nne, kwa hiyo kelele za kushangilia zinaongezeka badala ya kupungua.

Hasara zipo. Wenye kasi watawapita wanaotembea, hivyo barabara iwe na upana. Kuna wanaosahau wamezunguka mara ngapi, na wachache wanaojisahaulisha. Dawa yake ni kumpa kila mkimbiaji raba bendi ya rangi mpya kila anapopita sehemu moja iliyo mbali na mstari wa kumalizia. Mwenye raba bendi pungufu hapewi medali, hata awe mjomba wa mwenyekiti.

Miji haifanani. Tanga ni tambarare, unaweza kuchora mzunguko kutoka Uwanja wa Mkwakwani ukaenda upande wa Raskazone kwenye upepo wa bahari ukarudi. Moshi, ukielekea kaskazini tu, unapanda mlima. Popote mlipo, ipiteni njia kwa miguu Jumapili, saa ile ile ya mbio. Mtaona ambayo ramani haisemi: kijiwe cha bodaboda kilichomeza nusu ya barabara, daladala zinazogeuzia pale pale mlipopanga meza, njia ya treni, na kanisa ambalo ibada ya kwanza inajaza magari pembezoni. Mchungaji akipewa taarifa mapema, mara nyingi ndiye atakayewatangazia waumini wapite njia nyingine.

Tunaipimaje? Gari halitoshi?

Halitoshi. Mita ya gari hukosea, na ya simu vilevile. Njia ya mbio za barabarani inayotambulika duniani hupimwa kwa baiskeli yenye kaunta ya Jones, kidude cha namba kinachofungwa kwenye ekseli ya gurudumu la mbele, kinachohesabu mzunguko wa gurudumu kwa vipande vidogo.

Kazi yenyewe huanza kwenye kipande cha barabara kilichonyooka, kisichopungua mita 300, kilichopimwa kwa futi kamba ya chuma. Mpimaji anakipita mara nne na kuandika namba kila safari, hapo anajua kilomita moja ni namba ngapi kwa baiskeli yake, kwa uzito wake, kwa upepo uliomo kwenye tairi asubuhi ile. Kwenye hesabu hiyo anaongeza moja kwa elfu ya usalama, ambayo kwenye marathoni ni mita 42. Afadhali mita 42 zizidi kuliko moja ipungue. Kisha anaipima njia yenyewe kwa kufuata mkato mfupi kuliko yote ambao mkimbiaji anaweza kuupita, akikata kila kona sentimita 30 kutoka ukingoni. Akimaliza anarudi kwenye kile kipande cha mwanzo na kukipita mara nne tena, kwa sababu jua likipanda upepo wa tairi hutanuka na namba hubadilika.

Siku ya kupima ni alfajiri, barabara tupu. Mpimaji yuko chini kabisa ya ukingo, karibu tairi liguse mtaro, macho kwenye kaunta. Nyuma yake bodaboda anawasha taa kuzuia magari. Wa tatu ana nyundo: kila kilomita anagongelea msumari kwenye lami, katikati ya kizibo cha soda ili uonekane, anazungushia rangi nyeupe, kisha anapiga picha nguzo ya umeme iliyo jirani na namba yake. Rangi itafutika na lami itawekwa upya, lakini nguzo ile itawaonyesha mwakani mlianzia wapi.

Kama kaunta haipatikani, kompyuta ndogo ya baiskeli ikisawazishwa kwa utaratibu huo huo itawasogeza karibu sana na ukweli. Haitakubalika kwa rekodi, ila kwa mbio za mtaa haina ubaya. Wanaotaka njia iidhinishwe kimataifa waanze kwa kuuliza Riadha Tanzania (RT) namna ya kumpata mpimaji anayetambulika. Wajue pia kwamba kwa rekodi kuna masharti mengine, kama njia kutoshuka zaidi ya mita 1 kwa kila kilomita, na mwanzo na mwisho kutoachana kwa zaidi ya nusu ya urefu wa mbio.

Wakimbiaji watalalamika saa zao zimesoma 42.7. Tuwajibu nini?

Kwamba hakuna anayekimbia mkato mfupi kwa kilomita zote 42. Anakwepa watu, anafuata kivuli, anakwenda mezani kunywa. Ongeza na makosa ya saa yenyewe katikati ya majengo na miti. Saa ikisoma 42.0, hapo ndipo muwe na wasiwasi.

Vibali vinatoka wapi?

Anzeni chini mpande juu. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa na mtendaji wa kata wa kila eneo mnalopita, kisha afisa michezo wa halmashauri. Huyu ndiye atakayewaambia kwa ukubwa wa mbio zenu mnahitaji nini kutoka chama cha riadha cha mkoa, RT na Baraza la Michezo la Taifa (BMT). Klabu ambayo haijasajiliwa ianze na usajili, maana kila ofisi itauliza.

Polisi ni barua mbili: ya mkuu wa polisi wa wilaya na ya mkuu wa trafiki. Ambatanisheni ramani inayoonyesha makutano na saa ambazo kila kipande kitafungwa na kufunguliwa. Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS, za mitaa na vijijini chini ya TARURA, na njia moja inaweza kugusa zote mbili. Mganga mkuu wa wilaya naye apate taarifa.

Pelekeni barua miezi mitatu kabla, na kila nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa. Bila muhuri huo, siku mtu akisema "sisi hatukuletewa kitu" hamna la kujibu.

Tuchague tarehe gani?

Pwani, kati ya Juni na Agosti hali ya hewa ni rafiki kuliko wakati mwingine wowote. Machi hadi Mei ni masika. Desemba hadi Februari joto na unyevu vinamchosha mtu kabla hajafika kilomita ya 10.

Halafu fungueni kalenda nyingine. Mwezi wa Ramadhani kaeni mbali kabisa, msiwalazimishe nusu ya wakazi kuchagua kati ya mbio zenu na funga. Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni ya usafi. Angalieni siku ya Mbio za Mwenge kwenye wilaya yenu: siku hiyo polisi, magari ya wagonjwa na maofisa wote wanaufuata Mwenge, na barua yenu itabaki mezani hata kama ilijibiwa. Chunguzeni pia mbio kubwa za jirani, maana mkimbiaji wa 42 hawezi kurudia urefu huo baada ya wiki mbili.

Saa ya kuanza?

Saa 12:00 asubuhi kwa 42 na 21, dakika 30 baadaye kwa 10, na 5 mwishoni kabisa. Wenye viti vya magurudumu waondoke dakika kumi kabla ya wote.

Tatizo la kweli hapa ni mgeni rasmi. Mtu aliyeamka saa 9 usiku, akanywa chai yake kwa hesabu na kujipasha moto misuli, halafu akasimamishwa dakika 40 akisubiri msafara na hotuba, tayari ameharibiwa mbio zake, na jua nalo halisubiri. Mpangieni mgeni rasmi kugawa medali na zawadi. Filimbi ya kuanza mpeni mzee wa mtaa aliyeamka mapema.

Maji kiasi gani?

Kanuni za kimataifa kwa mbio ndefu zinataka kituo cha vinywaji kila kilomita 5 hivi, na cha maji katikati yake. Kwa joto letu wekeni kila kilomita 2.5, na mzunguko wa meza nne unawapa karibu hivyo.

Tuseme wakimbiaji wa 42 ni 200. Mara 16, ni vikombe 3,200. Wengine huchukua viwili, kimoja cha kunywa na kimoja cha kumwagia kichwani, kwa hiyo zidisheni kwa moja na nusu: vikombe 4,800. Kila kimoja mililita 150, jumla lita 720. Wekeni na ya kumalizia pamoja na ya kuloweka taulo, mtafika lita 1,000. Hapo bado hamjawahesabu wa 21 na 10.

Vikombe ni bora kuliko chupa. Anayekimbia akipewa chupa ya nusu lita anapiga mafunda matatu anaitupa, na mmenunua maji ya kumwagilia lami. Kikombe kijazwe theluthi mbili tu, kikijaa kinamwagika puani. Anayegawa ashike kwa ncha za vidole upande wa juu, mkono umenyooka pembeni, arudi nyuma kidogo pale mkimbiaji anapokishika. Wafanyisheni vijana zoezi hili siku moja kabla, kikosi kimoja kikimbie na kingine kigawe. Wataloana na watacheka, lakini asubuhi ya mbio mikono itakuwa inajua kazi. Maji yawe salama, ndoo ziwe na koki na mifuniko, na wagawaji wanawe mikono. Kipindupindu hakichagui siku ya sherehe.

Sasa kosa linalojirudia kila mahali: maji yanaisha kabla watu hawajaisha. Wa mbele wanapita wakiwa wengi, wagawaji wana moto, vikombe vinaruka, na anayepita saa 5 jua likiwa utosini anakuta meza, vikombe chini na kijana anacheza na simu. Kila msimamizi wa kituo aweke theluthi moja ya maji pembeni, imefungwa, isiguswe mpaka nusu ya wakimbiaji wawe wamepita mzunguko wa tatu.

Ongezeni ndizi zilizokatwa, vipande vya chungwa na chumvi kidogo kuanzia mzunguko wa pili. Na tangazeni kwamba mtu anywe kwa kiu yake. Kunywa kupita kiasi nako ni hatari, kwa sababu chumvi ya damu hushuka. Uchunguzi uliofanyiwa wakimbiaji 488 wa Boston mwaka 2002 ulikuta asilimia 13 wamemaliza wakiwa na hali hiyo, na wengi wao walikuwa wameongezeka uzito njiani kwa maji. Anayetembea saa sita ana nafasi nyingi za kunywa kuliko anayekimbia saa tatu, hivyo onyo hili ni lake zaidi.

Huduma ya kwanza iandaliweje?

Magari ya wagonjwa yasipungue mawili. Likiwa moja na likaondoka na mtu, waliobaki barabarani hawana kitu. Msalaba Mwekundu wana watu waliofunzwa huduma ya kwanza, waombeni mapema, na hospitali ya karibu ijue siku na saa.

Hatari kubwa kwetu ni mwili kupata joto kupita kiasi. Dalili si jasho kukauka kama wengi wanavyodhani, mtu anaweza kuwa analoa jasho. Tazameni mwendo na maneno: anayumba, anajibu visivyoeleweka, anataka kugombana, hajui yuko mzunguko wa ngapi. Huyo anapoozwa kwanza, kisha ndipo anasafirishwa. Kwenye hema kuwe na beseni kubwa au bwawa la plastiki la watoto, maji, barafu ya kutosha na taulo. Kumpakia kwenye gari lenye joto na kumkimbiza hospitali bila kumpooza ni kupoteza dakika zenye thamani kuliko zote.

Nyuma ya namba ya kifuani pawe na nafasi ya jina, simu ya ndugu, na ugonjwa kama presha, kisukari au pumu. Na waambieni watu waache kumeza dawa za maumivu kama diklofenaki au ibuprofeni kabla ya kukimbia. Ni tabia iliyoenea, na figo zilizokaukiwa maji haziipendi.

Njia ifungwe baada ya muda gani?

Saa sita zinatosha kwa mbio za mtaa. Hiyo ni kilomita moja kwa dakika 8 na nusu hivi, mwendo wa mtu anayekimbia kidogo na kutembea kidogo. Kwa mizunguko minne hesabu ni rahisi hata kwa bibi aliyekaa kibarazani: saa moja na nusu kila mzunguko. Mkianza saa 12:00 asubuhi, mzunguko wa tatu uishe kabla ya saa 4:30, na mstari wa mwisho ufungwe saa 6:00 mchana. Muda huu uandikwe kwenye fomu, bango na namba, asiwepo wa kusema hakuambiwa.

Asiyewahi muda wa mzunguko wa tatu aondolewe kwa heshima na mtu mzima mwenye busara, si kijana mwenye kipaza sauti. Nyuma ya wote awepo mwanaklabu wa miguu na mwenzake wa baiskeli yenye maji. Gari linalonguruma mgongoni na kupiga honi linamvunja mtu moyo.

John Stephen Akhwari, mtoto wa Mbulu, aliingia uwanjani kwenye marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 goti limefungwa bandeji, wa 57 na wa mwisho kati ya waliomaliza, zaidi ya saa moja baada ya mshindi Mamo Wolde. Watazamaji wengi walikuwa wameshaondoka, ila mstari wa kumalizia ulikuwepo, na waliokuwa wakiandika muda walikuwepo. Nyinyi pia msing'oe tao saa 4 eti mgeni rasmi ameondoka. Medali za watu wa mwisho zihesabiwe na kuwekwa kando kabla ya zote, pamoja na soda zao na sahani zao za chakula.

Kiingilio kiwe shilingi ngapi?

Jumlisheni gharama ambazo hazibadiliki, wawe watu 50 au 500: vibali, askari, magari ya wagonjwa, hema, vyoo. Kisha msigawe kwa idadi mnayoiota. Tuseme ni shilingi milioni 6 na kamati inaamini watakuja 400. Ukigawa kwa 400 unapata 15,000, na wakija 250 mna deni la 2,250,000. Gawanyeni kwa 250, mpate 24,000, kisha ongezeni gharama ya kila mtu kama medali na maji. Ikionekana ghali, punguzeni mapambo, msipunguze maji. Wakazi wa kata husika wapewe bei yao, hasa kwa kilomita 5.

Malipo yaingie kwenye lipa namba yenye jina la klabu, kamwe siyo simu ya mweka hazina, hata akiwa malaika. Akaunti iwe na watia saini watatu. Na mkusanyapo majina, simu na magonjwa ya watu mnagusa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022: orodha hiyo haisambazwi kwenye kundi la WhatsApp wala kupewa mdhamini.

Mdhamini mdogo wa mtaani huwa na faida kuliko mkubwa anayejibu barua baada ya miezi. Mwenye duka la jumla ana maji na kivuli. Mwenye kiwanda cha barafu ana barafu.

Tuweke zawadi za fedha?

Mkiwa nazo mkononi, ndiyo. Ahadi isiyolipwa siku hiyo hiyo huua mbio, na habari husafiri kwenye kambi za wakimbiaji haraka sana. Wanaume na wanawake wapate sawa, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho anayelipwa. Wakimbiaji wetu wanastahili heshima hiyo: Magdalena Shauri alishika nafasi ya tatu marathoni ya Berlin mwaka 2023 kwa saa 2:18:41, na Septemba 2025 Alphonce Simbu alichukua dhahabu ya dunia Tokyo, akimshinda Mjerumani Amanal Petros kwa sekunde 0.03 baada ya kilomita zote 42.

Ila mbio za mtaa hazihitaji kuvutia kila bingwa wa nchi. Fungu dogo kwa washindi wa jumla, na fungu jingine kwa mkazi wa kata, mwanafunzi, na mwenye zaidi ya miaka 50. Hili la pili ndilo litakaloleta watu wa nyumbani kwenye mstari.

Nani aruhusiwe?

Kwa 42, miaka 18 na kuendelea. Watoto wana kilomita 5 na chini ya hapo. Asiyeona akimbie na kiongozi wake wakishikana kwa kamba fupi, na kiongozi hatozwi kiingilio. Mavazi ni hiari ya mtu: mwenye hijabu, mwenye kaptula, mwenye raba za mtumba, wote wapokelewe sawa, na fulana za mbio ziwepo za mikono mirefu. Vyoo vya wanawake viwe zaidi ya vya wanaume, viwe na maji na kitasa kinachofunga.

Tunahitaji chipu za muda?

Kwa watu chini ya 300, hapana. Kukodi chipu, vile vidude vinavyorekodi muda wa kila mkimbiaji vyenyewe, kutameza bajeti ya maji. Tengenezeni mkondo mwembamba wa utepe baada ya mstari ili watu watoke mmoja mmoja kwa mpangilio. Wawili wanabonyeza saa kila mtu anapopita, mmoja anaandika namba za kifuani, mwingine anarekodi video mfululizo kwa simu iliyosimamishwa imara. Video ndiyo hakimu pale orodha mbili zinapogongana. Matokeo yatoke siku hiyo hiyo, yakiwa na majina ya wote, siyo kumi bora tu.

Watu wa kujitolea tuwapate wapi?

Skauti, vijana wa msikiti na kanisa, wanafunzi wa vyuo, kikundi cha kina mama cha mtaa, na klabu jirani za joging ambazo nanyi mtaenda kuzisaidia zamu yao ikifika. Wanachama wenu wakubali kutokimbia siku hiyo, na hili lipitishwe kikaoni mapema maana huleta manung'uniko. Wapeni chai na chapati kabla ya saa 11 alfajiri, nauli ya kurudi, na mtu wa kuwapokea zamu. Kijana aliyesimama juani saa sita bila kupokelewa ndiye yule atakayecheza na simu kwenye meza ya maji.

Fulana, medali, takataka?

Fulana ziagizwe baada ya usajili kufungwa, kwa saizi zilizojazwa. Medali isiandikwe mwaka kama mnaogopa kubaki nazo. Takataka zina kikosi chao chenye mifuko kinachofuata nyuma ya mtu wa mwisho, na kufikia saa 8 mchana barabara iwe safi kuliko mlivyoikuta. Kibali cha mwakani kinatolewa na watu wanaopita hapo Jumatatu.

Pesa ikibaki?

Kama mlitangaza kwamba mbio ni za kununua vitanda vya wodi ya wazazi au madawati, hesabu isomwe hadharani ndani ya mwezi mmoja: kilichoingia, kilichotoka, risiti moja moja, kwenye mkutano wa mtaa na ubao wa ofisi ya kata. Vitanda vipelekwe na mwenyekiti wa mtaa awepo. Kama imebaki kidogo na hamkuahidi kitu, nunueni kaunta ya Jones na ndoo za koki, muwaazime klabu jirani. Na kama mmepata hasara, isomwe vilevile, kwa tarakimu, kabla ya mtu yeyote kuanza kutafuta tarehe ya mwaka unaofuata.